Kuchoshwa na Video Nyepesi: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Upya Unachotazama

Matatu ya Kisumu kwenda Kakamega hupita Mamboleo, ikapanda Kiboswa, ikaendelea Majengo na Chavakali. Abiria anayeinamia simu Mamboleo na kuinua macho Chavakali amepitisha mbele ya macho yake vipande vya video zaidi ya mia. Hesabu yenyewe ni rahisi: kipande kimoja kikiwa cha sekunde 20, ni vipande 3 kwa dakika na 180 kwa saa. Mwombe akutajie vitatu alivyoviona. Wengi hukwama kwenye cha pili.

Mtu huyo atakwambia amechoka, na kweli amechoka. Lakini muda peke yake hauelezi uchovu huo. Shabiki aliyetazama mechi nzima ya Gor Mahia, dakika 90 na za nyongeza, hutoka akiwa mchangamfu, na kesho yake bado anabishania bao. Mechi aliichagua yeye, akajua inaanza lini na inaisha lini. Vile vipande mia hakuchagua hata kimoja. Mwongozo huu unahusu jambo hilo moja: kuhakikisha uamuzi wa kutazama nini unafanyika kabla hujafungua simu, na unafanywa na wewe.

Mtambo unavyofanya kazi

Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa na mwisho. Ukifika chini, unabonyeza namba 2 ili kuendelea, na kule kubonyeza kulikuwa ni kujiuliza: naendelea au naacha? Mwaka 2006 mbunifu wa Marekani, Aza Raskin, alitengeneza ukurasa unaojiongeza wenyewe bila kufika mwisho. Baadaye alisema hadharani kwamba anajutia matumizi yake. Mtindo huo ndio uliobeba mlisho wa leo, yaani ule mtiririko wa video ambazo mtambo wa programu unakuchagulia.

Mwaka 2012 nao YouTube ilibadili kipimo. Badala ya kupandisha video iliyofunguliwa na watu wengi, ikaanza kupandisha ile inayowashika kwa dakika nyingi. Tangu 2020, video ikifika dakika 8 inaweza kukatizwa na matangazo katikati. Awali ilibidi ifike 10. Sasa unaelewa kwa nini mtu mwenye jibu la dakika 2 kuhusu kutengeneza pampu ya maji anakusalimu, anakuomba ujiunge na chaneli, anakueleza atakachokueleza, kisha anakujibu kwenye dakika ya 7. Si lazima awe mvivu. Anatengeneza kile ambacho mtambo unakilipia.

Kitu cha mwisho ni thawabu isiyotabirika, ambayo mwanasaikolojia B. F. Skinner aliichunguza kwa njiwa: ndege anayepata punje mara moja moja, bila kujua ni lini, hudonoa kitufe kwa bidii kuliko anayeipata kila mara. Mvuvi wa ndoana pale Dunga, ufukweni Kisumu, anaijua hali hiyo, hutupa tena kwa sababu hajui ni mtupo upi utaleta samaki. Tofauti ni kwamba mvuvi jioni ana kitu cha kupika.

Kwanza pima, siku tatu

Usibadili chochote kwanza. Chagua siku mbili za kazi na moja ya wikendi. Tafuta daftari dogo linaloingia mfukoni, uchore safu nne: saa uliyofungua video, programu gani, nini kilikutuma, saa uliyofunga. Safu ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote. Andika neno moja tu: "kungoja", "uchovu", "arifa", "usingizi hauji".

Jioni linganisha daftari na simu. Kwenye Android fungua mipangilio, kisha sehemu ya Digital Wellbeing. Utaona dakika za kila programu na idadi ya mara ulizoifungua simu. Kwenye iPhone sehemu hiyo ni Screen Time. Asubuhi, kabla ya kugusa simu, andika kila video ya jana unayoikumbuka, hata kwa maneno matano. Gawanya idadi hiyo kwa saa ulizotazama. Watu wengi hupata namba ndogo kuliko walivyotarajia, na namba hiyo ndiyo utakayoipima tena mwishoni.

Makosa ya hapa ni mawili. Mtu huona aibu akaanza kupunguza siku ya pili, na kipimo kinaharibika. Au huandika TikTok peke yake na kusahau status za WhatsApp na video za Facebook, ambazo kwa watu wengi ndizo zinazokula muda kimyakimya.

Ukisoma safu ya tatu utaona vichocheo havizidi vitatu au vinne, na kila kimoja kina dawa yake. Anayetazama akiwa anangoja abiria stejini au mteja dukani anahitaji kitu kingine kilichokwisha kuandaliwa mkononi. Anayetazama usiku kitandani anahitaji simu ilale chumba kingine. Hakuna mpangilio wa programu utakaomsaidia zaidi ya huo. Na anayeanza asubuhi kwa sababu simu ndiyo saa yake ya kumwamsha, anunue kabambe, yaani simu ya vitufe. Simu hiyo ina kengele, inapokea simu za dharura, inafanya M-Pesa, na chaji yake inakaa siku kadhaa. Weka laini yako ndani yake saa tatu usiku, irudi kwenye simu janja baada ya chai. Hatua hii inaonekana ndogo mno, lakini ndiyo tungeanza nayo kama tungeruhusiwa moja tu.

Funga mlisho, programu moja moja

Anza na YouTube, kwa sababu ndiko kuna mambo mengi ya maana, na ndiko mlisho unaweza kuzimwa kabisa. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, tafuta historia ya ulichotazama, futa yote ya nyuma, kisha izime. Tangu 2023, akaunti ambayo historia yake imezimwa na haina kumbukumbu ya kutosha huonyesha ukurasa wa mwanzo mtupu: sehemu ya kutafuta tu. Unafungua YouTube, nayo inakungoja useme unataka nini. Ukizima bila kufuta ya zamani, ukurasa unaweza kuendelea kukuletea mapendekezo, na hapo ndipo watu husema mbinu haifanyi kazi.

Kisha zima kitufe cha video kujianzisha zenyewe. Pitia chaneli ulizojiunga nazo ubakishe 8 hadi 12. Kipimo cha kubakisha ni kimoja: je, unaweza kutaja jambo moja ulilojifunza kwao mwaka huu? Kuanzia hapo ingia kupitia ukurasa wa chaneli ulizojiunga nazo, ambao hupangwa kwa tarehe.

Simu nyingi za Tecno, Infinix na Samsung huja na YouTube ndani na haziruhusu kuiondoa. Unaweza kuizima: shikilia alama yake, fungua taarifa za programu, bonyeza "Disable". Halafu tumia YouTube kupitia kivinjari. Itakuwa nzito kidogo, na uzito huo ndio unaoutafuta. Mwanafunzi wa Egerton au Maseno anayetumia kompyuta anaweza kuongeza kiendelezi kiitwacho Unhook kwenye kivinjari. Kinaficha mapendekezo ya pembeni na video fupi.

TikTok haizimiki hivyo, maana mlisho ndio TikTok yenyewe. Kama huihitaji, iondoe. Kama unaihitaji, fungua mipangilio, uende kwenye mapendeleo ya maudhui, uchague "Refresh your For You feed": mtambo unaanza kukujua upya. Dakika chache zinazofuata ni za thamani sana. Usikawie kwenye kitu usichokitaka, hata kwa kukishangaa, kwa sababu kukawia huhesabiwa kama kupenda. Weka kikomo cha siku cha dakika 40, huku ukijua kwamba ni mlango wa pazia: kikifika unaweza kukipita kwa namba ya siri. Ndiyo maana ni bora ukiweka pamoja na kikomo cha simu yenyewe, na namba ya siri aiweke mtu mwingine wa nyumbani.

Kuna wanaouza nguo, mitumba au keki kupitia TikTok, na kuwaambia waiondoe ni kuwaambia wafunge duka. Hao waingie mara mbili kwa siku, dakika 20 kila mara: pandisha video, jibu maoni kupitia sehemu ya arifa ndani ya programu, toka. Wasipite ukurasa wa mlisho hata mara moja kati ya hayo.

Facebook: zima video zinazojicheza, kwenye sehemu ya midia ya mipangilio. WhatsApp: kwenye hifadhi na data, zima upakuaji wa video wa kujiendesha, kundi la familia la watu 60 haliwezi tena kukujazia simu ukiwa usingizini. Arifa zote za programu za video zizime, bila kubakisha moja.

Mwisho, geuza skrini iwe ya rangi ya kijivu kuanzia saa mbili usiku. Mpangilio huo uko kwenye hali ya wakati wa kulala au kwenye ufikivu (Accessibility), kutegemea aina ya simu. Video za mlisho hutegemea rangi kali. Zikikosa rangi, mkono huchoka mapema.

Orodha ya maswali

Ukifunga mlisho bila kuandaa mbadala, siku ya nne utaufungua tena. Hilo ndilo kosa linaloangusha watu wengi zaidi ya mengine yote, na halina uhusiano na udhaifu wa mtu. Pengo lilikuwa na kazi, likaachwa tupu.

Chukua lile daftari, uandike maswali saba unayotaka kujibiwa kweli. Maswali, si mada. "Ufugaji wa kuku" ni mada, nayo itakurudisha kwenye mlisho. "Kuku 100 wa mayai wanakula kilo ngapi kwa siku, na gunia linaisha baada ya siku ngapi?" ni swali, lina mwisho, na utajua umelijibu lini.

Jumapili jioni, keti nusu saa na swali moja au mawili. Tafuta kwa maneno kamili ya swali, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza, na kwa lugha ya nyumbani pia, kwani wakulima wengi hueleza mambo vizuri zaidi kwa Kidholuo au Kiluhya. Kwenye vichujio chagua video za zaidi ya dakika 20. Hifadhi zisizozidi saba kwa wiki kwenye orodha ya kutazama baadaye. Usitazame hata moja wakati wa kutafuta. Kutafuta na kutazama ni kazi mbili, na zikichanganywa mlisho hurudi kwa mlango wa nyuma.

Kabla ya kuhifadhi, ichunguze video kwa dakika mbili. Soma maelezo yaliyo chini yake. Angalia tarehe: bei ya chakula cha mifugo ya miaka minne iliyopita itakudanganya hata kama msemaji ni mkweli. Angalia kama imegawanywa kwa sura. Fungua maandishi ya yaliyosemwa kama yapo, uyapitie kwa macho; kuyapitia ni haraka kuliko kutazama video yenyewe, na mara nyingine utagundua hakuna cha kutazama.

Kisha tafuta namba ndani yake, uzipige mwenyewe. Turudi kwa kuku. Kuku mmoja wa mayai hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kuku 100 ni kilo 11 hadi 12, kwa hiyo gunia la kilo 70 linakwisha kwa siku 6 hivi, na kwa mwezi wa siku 30 unahitaji magunia 5 hivi. Video inayokuahidi faida kubwa kutoka kwa kuku 100 bila kutaja magunia hayo, chanjo ya Newcastle wala kuku wanaokufa, imekuonyesha banda jipya na tabasamu tu. Inayokuonyesha daftari la gharama, na siku ambayo mambo yaliharibika, ihifadhi.

Kwa jumla, aliyefanya kazi mwenyewe husema ni wapi alikosea. Anayerudia ya wengine huwa hana makosa.

Pakua, kisha jitenge na mtandao

Saa moja ya video yenye ubora wa 480p hula takriban nusu gigabaiti. Ya 1080p inaweza kufika gigabaiti 1.5 hadi 3. Sauti ni jambo tofauti kabisa: kwa kilobiti 64 kwa sekunde, saa nzima ni megabaiti 29 hivi, na kwa kilobiti 128 ni 58. Mtu anayenunua bando kila siku aione hesabu hii vizuri, kwa sababu mazungumzo ya saa moja kuhusu historia, afya au siasa hayahitaji picha. Unasikiliza ukiosha vyombo au ukipanga bidhaa sokoni Kibuye.

Programu ya AntennaPod, ya bure na isiyo na matangazo yake, hupakua vipindi vya sauti kupitia Wi-Fi na kuvicheza bila mtandao. Ingiza vipindi vinne au vitano tu. Iweke ipakue usiku au ukiwa mahali penye Wi-Fi: chuoni, mgahawani, au ukiuliza kwenye maktaba ya umma kama ile ya Nakuru, Kisumu au Kakamega. Maktaba hizo zina faida nyingine: viti vya kukaa, kimya, na magazeti ya siku hiyo. Mtu aliyezoea vipande vya sekunde 20 akisoma ukurasa mmoja wa Taifa Leo mpaka mwisho ameanza mazoezi.

Video zilizo kwenye simu kama faili zicheze kwa programu ya VLC ukiwa umezima data. Hapo hakuna kinachopendekezwa baada ya mwisho. Ikiisha, imeisha.

Kutazama kwenyewe

Video moja kwa kikao. Daftari kando, kalamu mkononi. Andika swali juu ya ukurasa kabla ya kubonyeza cheza. Msemaji akiwa mzito ongeza kasi iwe 1.25, kwenye 1.75 na kuendelea utakuwa umerudi kwenye kukimbiza. Simamisha kila dakika 10 uandike sentensi moja. Ikifika dakika ya 10 na huna sentensi, acha bila majuto: chagua inayofuata kwenye orodha, siyo kwenye mlisho.

Ndani ya saa 24 msimulie mtu. Mke, mume, mwenzako stejini, mtoto wa darasa la sita. Utakapokwama wakati wa kusimulia ndipo hukuelewa, na hapo ndipo pa kurudia.

Siku za mwanzo dakika 20 zitaonekana ndefu mno na mkono utatafuta skrini wenyewe. Anza na dakika 10, uongeze 5 kila baada ya siku tatu.

Swali moja, wiki tatu

Mtu akishazoea, tunapendekeza achukue swali moja kubwa la mahali anapoishi. Kwa wa Nakuru, liko machoni: kwa nini Ziwa Nakuru limepanda? Kwenye mlisho utapata kipande cha nyumba iliyozama na muziki wa huzuni, basi. Wiki ya kwanza jifunze misingi: ziwa hilo ni la magadi, halina kina kirefu, linapokea mito kama Njoro, Makalia na Nderit, na halina mto unaotoka. Maji yalianza kupanda karibu mwaka 2010, yakafunika barabara na lango ndani ya hifadhi. Wiki ya pili tafuta wanapotofautiana wataalamu: mvua iliyoongezeka, misitu ya Mau iliyokatwa na udongo unaoteremka, miamba ya Bonde la Ufa inayosogea. Ripoti ya serikali na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2021 kuhusu kupanda kwa maziwa ya Bonde la Ufa inapatikana bure; soma muhtasari. Fuata pia habari za heroe, yaani flamingo: chakula chao ni mwani mdogo unaopenda maji ya magadi, maji matamu yakiongezeka mwani unapungua, na ndege wanahamia kwingine kama Bogoria. Wiki ya tatu funga simu, nenda ukaangalie ziwa kwa macho yako, uongee na waliokaa kando yake miaka 20.

Wa Kisumu ana magugu maji ya Ghuba ya Winam: kwa nini yanarudi kila yanapoondolewa? Dokezo: mbegu zake huishi topeni miaka mingi, na maji machafu ya mji na mbolea za mashambani huyalisha.

Yanayoharibika njiani

Simu ya familia nzima. Mtoto akitazama katuni kwa akaunti yako na historia ikiwa imewashwa, mlisho wako umekwisha. Mtengenezee akaunti yake, au acha historia ikae imezimwa.

Kuhamia kwingine. Mtu ameondoa TikTok, sasa anatazama vipande vilevile kwenye status na Facebook. Ndiyo sababu ya kupima programu zote tangu mwanzo.

Orodha iliyojaa. Video 60 za kutazama baadaye ni mzigo mwingine wa kukuchosha. Zikipita saba, futa ya zamani zaidi.

Kuna pia uchovu usiotoka kwenye video. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo huna hamu ya chakula, usingizi umevurugika, na hata mambo uliyoyapenda nje ya simu hayakuvuti, usiendelee kurekebisha mipangilio. Nenda kituo cha afya, au hospitali kubwa kama Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, uombe kuonana na wanaoshughulikia afya ya akili. Simu ikiwa ndiyo iliyokuwa inafunika maumivu, kuifunga kutayafichua, na hapo inafaa uwe na mtu.

Siku ya 30, rudia kipimo cha siku tatu kwa daftari lilelile. Usiangalie saa peke yake. Zikipungua lakini bado hukumbuki ulichotazama, maswali yako ni mapana mno. Yakate yawe madogo kama lile la magunia ya kuku, uanze wiki upya Jumapili jioni.